Vikapu Vitatu vya Nyongeza

Pasiansi, Mwanza
7 Februari 1999

Mpendwa mwanangu Suzana,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. Huku sote tu wazima, wasiwasi ni juu yenu mnaochemka na joto la Dar es Salaam. Rose ameingia kidato cha pili, na sasa binti yangu mwenyewe ananisahihisha Kiswahili mezani, tena mbele ya wageni. Jirani yetu Mama Kashindye amemwoza binti yake kule Magu kwa ng'ombe kumi na wanane, na tangu siku hiyo hasalimii watu wa kawaida. Mwambie kaka yangu Pius namsalimia sana. Ustaafu usimfanye akae tu barazani akihesabu magari.

Sasa sikiliza la maana. Shangazi yako anauza vikapu Ulaya. Usicheke, soma kwanza.

Unamkumbuka Inge, yule muuguzi Mdenishi aliyefanya kazi Sengerema zamani, aliyekuwa akila ugali kuliko sisi? Sasa ana duka kwao. Krismasi aliniletea kadi, na chini yake kaandika anwani ya kompyuta. Nikaambiwa Yassin wa Mkuyuni amefungua chumba chenye kompyuta mbili na simu, anapeleka na kupokea imeili za watu. Nikaenda. Akanipatia anwani yangu, nami nikamwomba ufunguo wa sanduku. Yassin alicheka mpaka akaketi. Kumbe sanduku lenyewe halina ufunguo, lina neno la siri, na neno la siri analijua yeye.

Barua ya kwanza nilimsomea, yeye akaandika. Nikamwuliza Inge hali, nikamwuliza mama yake, mumewe, baridi, mifugo. Yassin akanung'unika kwamba anatoza kwa dakika na salamu peke yake zimekula dakika tisa. Nikamwambia siwezi kumwambia mtu anunue vikapu kabla sijajua kaamkaje. Baada ya siku tatu jibu likaja. Inge kajibu salamu zote, moja moja! Ng'ombe hana, ana paka wawili, hawajambo. Halafu akaagiza vikapu sitini vya mafunjo, vile vyenye mstari mweusi, vifike kabla ya soko lao la kiangazi mwezi wa Agosti.

Nilimtajia bei mara mbili ya ile niliyoitaka, ili apate nafasi ya kupunguza. Akajibu, "Sawa." Sawa tu! Nilihisi nimemwibia. Mtu gani hapunguzi bei?

Wanaosuka ni akina mama kumi na wanne wa Busisi, ng'ambo ya ziwa. Jumamosi navuka na kivuko kwenda kuwakagua. Watatu wameshaanza kuzungumzia mabati.

Na lililo tamu kuliko yote: hakuna kodi. Duka lina mlango, afisa anaingia mlangoni. Hili langu halina mlango wala kaunta, limo ndani ya waya wa simu. Watanikuta wapi? Wewe unafanya kazi na watu wa kusafirisha mizigo, niambie tu nilete sanduku la vikapu lini.

Wako,
Shangazi Dorotea


Dar es Salaam
1 Machi 1999

Shikamoo Shangazi,

Sisi hatujambo, ila joto kweli limetushinda. Baba anakusalimu. Anasema magari anayahesabu kwa sababu hapa mtaani hakuna treni ya kuhesabu, na mtu aliyefanya kazi reli miaka thelathini hawezi kuacha ghafla. Kazi yangu inaendelea vizuri. Bosi ameniongezea meza, mshahara bado.

Nilimsomea Baba habari ya ufunguo wa sanduku, akacheka mpaka akakohoa. Hongera sana Shangazi. Hapa ofisini tuna kompyuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuza nayo kitu.

Lakini hilo la kodi, hapana. Kodi haitazami mlango. Inatazama kama umeuza na kama umepata faida. Ukiuza sokoni, kwa barua, kwa simu au kwa imeili, umeuza. Waya wa simu umebeba maneno yenu tu. Vikapu vinasukwa Busisi, vinakaa kwako Pasiansi, na faida inaingia mfukoni mwako hapo hapo Mwanza.

Usiogope, si mlima. Unakwenda ofisi ya mapato, unajaza fomu, unapewa namba ya mlipa kodi. Unachukua leseni ya biashara pale manispaa. Mwisho wa mwaka unaonyesha umeuza kiasi gani, umewalipa wasukaji na kivuko na Yassin kiasi gani, na kodi inatozwa kwenye kile kilichobaki. Ile kodi mpya ya ongezeko la thamani iliyoanza mwaka jana isikusumbue. Biashara yako ni ndogo mno kwa hiyo, na bidhaa zinazopelekwa nje ya nchi kiwango chake ni sifuri. Cha muhimu, kila imeili ya Inge mwambie Yassin aichape kwenye karatasi, uitunze. Hakuna risiti nyingine itakayoonyesha kwamba aliagiza.

Sanduku lilete tu kwa treni, nitalipokea mwenyewe. Ila lije na ankara yenye jina lako na namba hiyo. Bila namba watu wa forodha watalizuia.

Mpe Rose hongera.

Mwanao,
Suzana


Pasiansi
11 Aprili 1999

Mpendwa Suzana,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Mambo yalikuwa mengi. Rose ametimiza miaka kumi na sita, tukachinja kuku. Mjini samaki wamekuwa wengi kupita kiasi, maana Ulaya wamewakataa sangara wetu na viwanda vimepunguza watu. Tunakula minofu ambayo zamani tuliiona ikipelekwa uwanja wa ndege tu. Ngosha, mume wa msukaji wangu mmoja wa Busisi, amerudishwa nyumbani kutoka kiwandani. Sasa vikapu vya mkewe ndivyo vinavyolisha nyumba, naye anamchambulia mafunjo kwa adabu ambayo hatukuwahi kumwona nayo.

Vikapu vimekwisha, vizuri mno. Kimoja nilikirudisha kwa sababu mstari ulipinda, mwenyewe akanikasirikia wiki nzima kisha akasuka kingine kizuri kuliko vyote. Nimevifunga na kuvipakia kwenye treni ya juzi. Ankara imo ndani, Rose ameiandika kwa mwandiko wa shule. Vikapu sitini, pamoja na heshima zetu.

Na imeili ninazitunza, zote ziko kwenye bahasha ya khaki. Nimegombana na Yassin kidogo. Niligundua anazikata salamu zangu. Nilisema "wasalimie wote walioko hapo, wakubwa kwa wadogo," yeye akaandika "salamu kwa wote." Nikamwambia arudishe maneno yangu au ninahama. Karudisha.

Kuhusu lile jambo jingine uliloandika, umesema mwenyewe ni sifuri. Sifuri ya nini kuisumbua?

Msalimie Pius. Ale vizuri.

Shangazi Dorotea


Dar es Salaam
2 Mei 1999

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hamjambo. Mvua za masika zimetukalia, mtaani kwetu tunavuka kwa mawe. Baba ana kikohozi, ila kinapungua. Na mimi nina habari ambayo hutaipenda.

Sanduku limezuiwa forodha. Ankara inasema sitini. Walipofungua wakahesabu sitini na tatu. Afisa akaniuliza, "Hivi vitatu ni vya nani?" Nikajua papo hapo. Nikamwambia ni nyongeza. Akauliza, "Nyongeza ndiyo bidhaa gani?" Nikamweleza kwamba shangazi yangu hawezi kumuuzia mtu vikapu sitini bila kumwongezea vitatu, maana mteja hakupunguza bei na dhamiri ilikuwa inamsumbua. Akacheka, akasema mama yake anauza nyanya Singida, nyongeza anaijua vizuri sana, ila fomu haiijui. Kila kilichomo sandukuni lazima kiwe kwenye karatasi, hata kama ni zawadi.

Hilo linarekebishika. Nitaandika sitini vya kuuza na vitatu vya zawadi, na thamani yake. Tatizo kubwa ni mstari wa juu wa fomu: mwenye mzigo ni nani, na namba yake ya mlipa kodi. Umeuacha wazi. Nilimwomba bosi tupeleke kwa jina la kampuni, akakataa kabisa, na ana haki. Mzigo si wake. Na hiyo sifuri, Shangazi, ni kiwango cha kodi moja tu, tena nayo inaandikwa. Ya mapato iko pale pale.

Sanduku likikaa hapa mpaka katikati ya Julai, soko la Inge litapita, na sidhani ataagiza tena. Ninawafikiria wale mama kumi na wanne. Wewe huwezi kuwaangusha, nakujua. Kwa hiyo nimepata njia. Naona hupendi maofisi. Basi tutumie jina la Baba. Yeye hana neno na ofisi yoyote, atachukua namba hapa hapa na kusaini, biashara itakuwa kwa jina la Pius Ndalahwa, na wewe utaendelea na vikapu vyako bila kukanyaga ofisini.

Nilimweleza. Akacheka peke yake, akasema, "Dorotea tena?" Nikamwuliza tena vipi. Akasema chai imepoa. Ila amekubali.

Nijibu upesi nianze.

Suzana


Dar es Salaam
6 Juni 1999

Shikamoo Shangazi,

Mwezi umepita sijapata neno. Nilimpigia Yassin, akaniambia hujambo, ila hujafika kwake tangu mwanzo wa Mei na Inge amekuandikia mara mbili. Kama nimekukosea niambie nilipokosea. Fomu za Baba ziko tayari, kalamu anayo. Nasubiri wewe useme ndiyo.

Baba naye ninapomtajia Mwanza anarudi kuhesabu magari. Nyie wawili mna nini?

Mwanao anayekupenda,
Suzana


Pasiansi
15 Juni 1999

Mwanangu Suzana,

Sisi wazima. Rose anakusalimu. Leo habari za jirani nitaziruka.

Hukunikosea. Ulipoandika jina la Pius nilikaa na barua yako jikoni mpaka wali ukaungua. Nilianza kukujibu mara nne. Mara zote nne nilifika kwenye "huku sote tu wazima" nikashindwa kuendelea.

Mwaka 1983 ulikuwa na miaka kumi na mmoja, mnakaa Mkuyuni karibu na reli. Baba yenu alipotea miezi miwili, mkaambiwa amekwenda Tabora kununua asali. Hukujiuliza kwa nini alirudi bila asali. Hakwenda Tabora. Ulikuwa mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, nyumba zinapekuliwa, watu wanatupa ziwani sabuni walizolimbikiza, kwa hofu. Mimi nilikuwa nauza vitenge vya kutoka Burundi, bila kibali. Nilikuwa na katoni mbili. Niliposikia wanakuja upande wetu nilizibeba nikaziweka chini ya kitanda cha baba yako, nikamdanganya ni nguo za mtoto. Nani angemshuku mtu wa reli?

Walianza na nyumba yenu. Wakauliza vitenge hivi ni vya nani. Pius akasema ni vyake. Wakaandika jina lake, wakaondoka naye. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na Rose mikononi, sikufungua mdomo.

Aliporudi hakuniambia neno. Nami sikumwambia neno. Miaka kumi na sita tumekuwa tukisalimiana.

Tangu siku ile meza yenye afisa na kalamu inanitoa jasho. Nilikuambia habari za mlango na waya, nikakuambia sifuri. Yote yale yalikuwa maneno tu. Naogopa kuandikwa, Suzana, na naona aibu, maana mara ya mwisho aliandikwa mtu mwingine mahali pangu. Sasa wewe, bila kujua, unaniletea kaka yule yule na kalamu. Naye amekubali! Hata hakuuliza!

Jumatatu nilivaa gauni la kanisani, nikamchukua Rose, tukaenda ofisi ya mapato. Foleni ilikuwa ndefu. Mezani alikuwapo binti mmoja, Najat, mpole, ana miwani. Akauliza ninauza nini. Nikasema vikapu. Akauliza mahali pa biashara. Hapo nilichanganyikiwa, nikamwambia mafunjo ni ya Busisi, imeili ni ya Mkuyuni, mnunuzi ni wa Denmark. Watu wakacheka nyuma yangu. Akaniuliza, "Wewe unakaa wapi, mama?" Nikamwambia Pasiansi. "Basi biashara iko Pasiansi. Iko ulipo wewe." Nilitaka kumnunulia soda.

Kisha akauliza jina la mmiliki. Nikaanza kupanga upya imeili zangu. Nilizipanga mpaka mtu nyuma yangu akasonya. Rose akanigusa mkono. Nikasema, "Dorotea Ndalahwa." Akauliza kama kuna mwingine wa kuandikwa pamoja nami. Nikasema hakuna, ni mimi peke yangu. Saini yangu imetoka mikwaruzo mitupu, lakini ameikubali.

Leo nimepata namba, imo kwenye karatasi niliyoiambatisha pamoja na ankara mpya. Sitini vya kuuza, vitatu vya zawadi, na hiyo sifuri yenu nimeiandika. Leseni nimeshailipia. Najat alipekua bahasha yangu ya khaki, akasema wenye maduka makubwa hawamletei kumbukumbu safi kama zile, ingawa hakuelewa kwa nini kila imeili ina nusu ukurasa wa paka. Na akina mama wa Busisi nimewanunulia daftari. Kila anayelipwa anasaini.

Fomu za Pius zichane. Msomee barua hii yote, usiruke hata mstari. Mimi mwenyewe sitaweza kumwambia.

Shangazi yako,
Dorotea


Dar es Salaam
4 Julai 1999

Shikamoo Shangazi,

Hatujambo kabisa. Sanduku limeondoka kwa ndege Alhamisi. Yule afisa aliisoma ankara yako mpaka mwisho, akagonga mhuri, akaniomba nimpelekee salamu shangazi yangu mwenye nyongeza. Nimempigia Inge kutoka ofisini. Alipiga kelele ya furaha mpaka bosi akageuka. Anataka mia na ishirini kabla ya Krismasi. Nimemwambia aandike mwenyewe kwako, na asisahau salamu.

Barua yako nilimsomea Baba barazani, sikuruka mstari. Nililia nikiisoma, Shangazi, siwezi kuficha. Sikuwa nimejua lolote. Kuna wakati nilimchukia kidogo kwa ile asali ambayo hakuileta. Yeye hakulia. Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu, kisha akaomba karatasi. Alichoandika ni hiki, nakiambatisha kama kilivyo. Ameniruhusu nisome.

Suzana


Dorotea,

Hongera kwa namba. Nimeiangalia, ni ndefu, itunze.

Nguo za mtoto hazina uzito ule. Nilifungua katoni jioni ile ile uliyozileta, nikazifunga tena. Walipoingia nilikuwa nimeshaamua nitakachosema. Hukunidanganya, na hukuninyamazia. Ungefungua mdomo pale barabarani ningekugombeza.

Rose alikuwa na wiki tatu. Mmoja wetu ilibidi aende. Ungekwenda wewe, nani angemnyonyesha? Mimi?

Kaka yako,
Pius